Kadi Arobaini za Mama

Mwezi uliopita, kwenye msiba huko Nzuguni, nilikuwa nimeinamia sufuria la wali pamoja na wanawake wenzangu nikasikia mwanamume nyuma yangu anauliza, "Samahani, wewe si binti wa Mama Kikombe?" Mwiko ukaniponyoka. Mama yangu hakuwahi kuitwa hivyo mtaani, wala kwao Kondoa. Jina hilo liliishi ndani ya chumba kimoja cha hospitali, Dodoma mjini, kwa mwaka mmoja tu, na aliyelitunga alikuwa mtu mmoja. Nikageuka. Nywele zimekuwa nyeupe, meno mawili ya mbele hayapo, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama zamani. Bwana Mhembano. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu nimelelewa, akaitika marahaba. Halafu akasema, mbele ya moshi na mbele ya wanawake waliokuwa wanasikiliza huku wakijifanya wanamenya vitunguu, "Mwanangu, kuna jambo nilipaswa kukuambia miaka mingi sana iliyopita." Nikamwambia, "Hata mimi ninalo. Lakini si hapa." Tukaenda kukaa nyuma ya nyumba, juu ya matofali ya mtu, wazee wawili kama watoto waliotoroka kazi.

Sitaeleza ukoo wetu wala tulivyofika Dodoma. Wanaojua wanajua, na wasiojua hautawasaidia. Nitaeleza mwaka mmoja. Ulikuwa mwaka wa mitumba. Maduka yaliyokuwa yakiuza rafu tupu na chumvi ya mawe sasa yalijaa sabuni za rangi tatu na redio za Dubai, watu wakisema ruksa, kila kitu ruksa, na hospitalini nako tukaanza kuambiwa tuje na glovu na sindano zetu wenyewe. Mama alikuwa na meza ya mitumba sokoni Majengo. Akifungua belo, sauti yake ilifika stendi. Mteja akisita kuvaa suruali ya maiti wa Ulaya, Mama alimpigia kelele, "Mwenyewe hakufa, baba, alinenepa tu! Vaa!" na soko zima likacheka, na suruali ikaondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto mgongoni, na hasira ya kutosha kuchemshia maharage. Nilifukuzwa shule kidato cha nne, wiki mbili kabla ya mtihani, tumbo lilipokataa kufichwa na sweta. Aliyenipa tumbo hilo nitamtaja siku nyingine, au sitamtaja.

Kwetu mama huchukua jina la mtoto wake wa kwanza. Kwa miaka kumi na minane soko lote lilimwita Mama Hadija, na Hadija ndiye mimi. Siku aliyopata habari za tumbo hakunipiga. Nilimngojea anipige, nikavaa hata gauni zito. Asubuhi yake alipita meza kwa meza, kuanzia kwa muuza karanga mpaka kwa fundi viatu, akawaambia, "Kuanzia leo mimi ni Mama Athumani." Athumani ni mdogo wangu, wakati ule akisoma Kondoa kwa mjomba. Basi. Nikafutwa. Nyumbani nikawa "wewe". Wewe, lete maji. Wewe, mtoto analia. Zena alizaliwa, akatimiza miezi minne, na kinywa cha mama yangu hakijataja jina langu hata mara moja, hata kwa tusi. Na mimi sikuomba radhi. Niliosha nepi kwa fujo ili asikie. Tulikuwa wanawake wawili wakaidi katika chumba kimoja cha kupanga pale Chang'ombe, pazia la khanga katikati, tukipitishiana sahani bila kutazamana.

Halafu asubuhi moja, katikati ya kunadi, sauti ikakatika. Walioshuhudia walisema alibaki mdomo wazi, ameshika blauzi juu, kisha akainama taratibu juu ya meza kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Majirani walisema amepigwa na upepo mbaya. Daktari alisema kiharusi. Mwezi mmoja baadaye nilimrudisha nyumbani akiwa na mkono wa kulia unaoning'inia, mguu unaoburuza, na neno moja: haya. Ukimuuliza kama ana njaa, haya. Ukimuuliza kama amelowa, haya. Akikasirika, haya haya haya, huku machozi yanamtoka upande mmoja. Watu walikuja kutoa pole, wakaniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa yupo hai. Sikumshukuru. Nilitaka apone, na nitasema ukweli kwa nini: nilitaka aniite. Hadija. Mara moja tu. Mtu hawezi kukufuta kisha akapoteza kifutio.

Ndipo muuguzi akatuambia kuna watu wanafanya utafiti. Kulikuwa na mama mmoja wa kizungu, mtaalamu wa mambo ya usemi, aliyekuja na kuondoka, na kulikuwa na Bwana Mhembano, msaidizi wake, aliyekaa. Chumba chao kilikuwa mwisho wa ukumbi: meza, viti vitatu, redio kaseti, dirisha lenye wavu uliojaa vumbi jekundu. Alinisomea karatasi nzima pole pole kama khatibu. Kwamba wanataka kujua maneno yanarudije kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, yapi hutangulia, yapi huchelewa. Kwamba tunaweza kuacha siku yoyote. Kwamba hapa hakuna kushinda wala kushindwa. Nikamkatiza. "Kama hakuna kushinda wala kushindwa, hizo alama unazoandika pembeni ni za nini?" Akacheka. "Ni za kujua tulipofika, mwanangu." Sikumwamini. Katika maisha yangu sijaona mtu anauliza swali, anaandika alama, halafu asimfukuze mtu.

Alipofika kwenye jina alisoma cheti cha wodini: Mama Athumani. Nikasema, "Andika Mama Hadija." Akamtazama Mama. Mama, ambaye siku ile hakuweza kutaja hata maji, alipiga meza kwa mkono wa kushoto mpaka kalamu ikaruka. "Haya! Haya! Haya!" Alikuwa amepoteza maneno yote ya dunia, lakini lile la kunikataa alibaki nalo. Bwana Mhembano akaacha cheti kilivyo. Mimi nikatoka nje kumnyonyesha Zena, nikalia juu ya kichwa cha mtoto. Wiki ya tatu, neno la kwanza lililotoka lilikuwa kikombe, limekatika katikati kama muwa, kiko... mbe, na tangu hapo Bwana Mhembano akamwita Mama Kikombe, nadhani ili asilazimike kuchagua kati yetu.

Kulikuwa na kadi arobaini za picha. Zilitoka nje ya nchi: punda aliyenona kuliko punda wote wa Dodoma, kikombe chenye maua, mwavuli mweusi kwa ajili ya mji ambako mvua inakuja kama mgeni asiyependwa. Kila mwisho wa mwezi alizionyesha moja moja, kwa mpangilio ule ule, redio ikirekodi. Siku nyingine, Jumanne na Ijumaa, walifanya mazoezi yasiyo na kadi, na hayo niliyadharau kwa sababu hayakuandikiwa alama. Alikaa na Mama, akamwekea maji na chai mezani, akamuuliza anataka nini, kisha akanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kulikuwa kwa kutisha. Ningeweza kukanda unga wa chapati nikamaliza. Aliniambia, "Nyumbani fanya hivi hivi. Muulize, halafu subiri. Hesabu mpaka ishirini kimoyomoyo. Hata kama unalijua neno analotafuta, usimmalizie. Njia inachimbwa na yule anayetafuta." Na akaniambia jambo jingine, wazi, kwa Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa: "Kadi hizi ni za humu ndani. Usimfundishe nyumbani."

Nje kulikuwa na benchi la wasindikizaji. Nilikaa na Mama Yohana, ambaye mume wake alikuwa seremala na sasa alisema "ng'ombe" kwa kila kitu, hata kwa padri. Mama Yohana alikuwa na karanga kwenye kitambaa na habari za kila mtu. Siku moja alinisogelea. "Mdogo wangu, umesikia? Yule mzee wa mtaa wa Kikuyu wamemwacha."

"Kwa nini?"

"Hapandi. Miezi mitatu anasema 'tatu' tu. Wewe unadhani watu wafunge safari na makaseti yao kutoka kwao kuja kumsikiliza mtu anasema tatu?"

"Bwana Mhembano alisema hakuna kushinda wala kushindwa."

"Ee! Hata kwenye uchaguzi wanasema hivyo hivyo." Akatafuna karanga. "Mama yako je, anapanda?"

Hakuwa anapanda. Alikuwa na maneno sita na lile haya. Nikatembea naye kurudi nyumbani siku ile, mguu wake ukichora mstari vumbini, nikiwa nimeshaamua. Mimi nilijua mtihani ni nini. Nilinyimwa wangu wiki mbili kabla; huu wa Mama hakuna ambaye angeuchukua. Shuleni tulifanyaje? Tulitafuta maswali ya zamani, tukayakariri usingizini na tukiwa macho. Kadi nilikuwa nazo kichwani, kwa mpangilio wake, maana kila mwezi nilikaa kwenye kiti cha tatu. Nikachukua daftari langu la Baiolojia, kurasa za nyuma zilizobaki nyeupe, nikachora zote arobaini. Punda wangu alitoka kama mbwa mwenye homa. Mama alipomwona akacheka, upande mmoja wa uso ukipanda, pumzi ikimtoka puani, na mimi nikacheka, na kwa muda tukatazamana machoni. Kicheko cha kwanza tangu tumbo. Ningekuwa na akili ningefunga daftari pale pale, nikakaa na kicheko kile.

Sikufunga. Kila mchana, Zena akiwa amelala, nilimweka Mama kwenye mkeka, ugali wa uwele na mlenda vimefunikwa pembeni, nikafungua daftari. "Kikombe. Mkasi. Punda. Saa. Mwavuli. Sema." Alipokwama nilimmalizia, naye akarudia. Alipokinyooshea chakula mkono wake mzima, nikasukuma sahani nyuma. "Hakuna kula mpaka ufike ufunguo." Niliandika sentensi hiyo mara tatu kabla sijaweza kuiacha hapa. Siku nyingine nilimfinya. Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukusikia. Mwanamke aliyefungua mabelo, aliyecheka na soko zima, alikaa mbele yangu na mlenda unamkauka kidevuni, akitafuta neno jogoo kwenye macho yangu. Na mara nyingine alitafuta neno jingine kabisa. Aliinua kidole kuelekea mlangoni, au kwangu, akaanza, "Haya... ha... ha..." na mimi nikagonga daftari kwa penseli. "Hilo halimo, Mama. Jogoo." Zena aliamka akatukuta hivyo kila siku. Neno lake la kwanza duniani halikuwa mama. Lilikuwa kasi, akimaanisha mkasi.

Mama akakariri. Ukimpa la kwanza alishuka nayo yote kama mtu anayesoma dua, kikombe, mkasi, punda, saa, mwavuli, mpaka la arobaini, kengele. Mama wa kizungu alikuja kwa ajili ya kipimo cha mwisho wa mwaka. Alikaa kwenye redio, Bwana Mhembano akashika kadi. Mama alivaa baibui yake ya Idi. Alikosea mbili tu. Aliposema kengele, yule mama wa kizungu alisimama akapiga makofi, macho yake yamelowa, akanishika mabega, akaniambia maneno mengi ya Kiingereza ambayo mengine niliyaelewa na yote yalikuwa mazuri. Nilisimama pale na mtoto mgongoni nikajisikia kama jina langu limebandikwa kwenye ubao wa shule. Bwana Mhembano hakupiga makofi. Alikuwa anapanga kadi kwenye boksi lake, taratibu.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Mama Kikombe amemaliza."

"Amemaliza nini?"

"Utafiti. Wanaofika kiwango hiki wanarudi nyumbani. Wanaoendelea mwaka wa pili ni wale ambao bado."

Nilimuuliza kuhusu yule mzee wa Kikuyu. Akashangaa. "Yule? Amehamia Manyoni kwa mwanawe. Tulimwomba sana abaki." Mume wa Mama Yohana, na ng'ombe wake, alipewa Jumanne na Ijumaa za mwaka mwingine mzima. Mama yangu alipewa mkono wa kwaheri. Ningeweza kusema. Mbele yangu kulikuwa na watu watatu na mlango ulikuwa umefungwa. Ningesema tu, hajapona, nilimkaririsha. Nikaona uso wa yule mama wa kizungu, nikaona Bwana Mhembano, nikaona hedimasta akinionyesha geti. Nikasema, "Asanteni sana."

Sasa, pale Nzuguni, juu ya matofali, nikamwambia, "Anza wewe." Akavua kofia yake ya balaghashia, akaishika magotini. Akasema kwamba wiki moja kabla ya kipimo kile, nilipokuwa nje nanyonyesha, kadi zilimwanguka, akaziokota ovyo. Ya juu ikawa samaki. Mama akaitazama, akasema, "Kikombe." Ya pili ilikuwa kofia. "Mkasi." Ya tatu. "Punda." Akajua hapo hapo.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua. Na siku ya kipimo nilizipanga mwenyewe, moja moja, zisikosee hata moja."

Nilimuuliza kwa nini. Sikumuuliza kwa upole. Ndani ya nyumba waombolezaji waliacha kuimba. Akasema, "Ulikuwa unanitazama kama mtoto anayengoja matokeo. Nikasema, huyu ameshafukuzwa mara moja. Nilikuonea huruma, Hadija." Huruma. Miaka yote hii nilidhani nilimdanganya mtu mwenye elimu, kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja akimwibia Mama kwa upande wake, kila mmoja kwa mapenzi. Nilitaka kumpiga na tofali. Nilimwona anavyoifinya kofia yake, nikaliacha tofali chini ya makalio yangu.

Kisha akasema, "Na wewe? Ulisema unalo." Nikamweleza kile ambacho sijawahi kumweleza mtu, si Athumani, si Zena, ambaye sasa ana watoto wake na anaishi Chimwaga na anadhani bibi yake alikufa usingizini.

Ilikuwa wiki ya tano baada ya kuhitimishwa. Saa nne asubuhi. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba mlangoni, Zena anacheza miguuni pake, mimi nje nakoroga uji wa uwele kwenye jiko la mkaa. Nikamsikia anaanza. "Kikombe." Sikugeuka. Tangu tufukuzwe, niseme hivyo, hatukuwa tumefungua daftari, na mimi nilikuwa na aibu nalo. "Mkasi. Punda. Saa." Sauti ilikuwa kubwa, karibu sauti ya sokoni. Nikageuka. Alikuwa ameshika kichwa kwa mkono wa kushoto, ananitazama. Nikadhani anajishangilia. Nikadhani, masikini mimi, ananipa zawadi. "Mwavuli!" akasema. Nikacheka. "Ehee, Mama! Endelea!" Akaendelea. Alipita kila neno kama mtu aliyefungiwa nje anayejaribu kila ufunguo kwenye kufuli, ufunguo huu siyo, huu siyo, kwa haraka, jasho limemtoka. Samaki. Jogoo. Ngazi. Nilipiga makofi kila neno. Zena naye akapiga makofi. Jirani akachungulia dirishani, akasema, "Mashallah, Mama Athumani leo yuko darasani!" Mama akafika mwisho. "Kengele." Ikawa kadi zimekwisha. Hakukuwa na hata moja ya kusema kichwa, wala naumwa, wala njoo.

 Akanitazama. Mdomo ukafunguka tena, na midomo ikakaa mkao ambao sikuwahi kuuona kwa neno la kadi yoyote. Alikuwa ameanza la arobaini na moja. Lilikuwa linakuja. Nililiona linavyokuja, likipanda shingoni kama maji kwenye bomba la mtaani yanapotanguliwa na upepo. Kilichotakiwa kwangu ni kuhesabu mpaka ishirini.

Uji ukafurika. Nikamwambia, "Basi, Mama. Yameisha. Umemaliza," nikageuka kuepua sufuria.

Niliporudi kichwa kilikuwa kimelala begani. Hakufumbua macho tena. Siku ya tatu tukamzika. Bwana Mhembano alinisikiliza mpaka hapo, na hakusema pole, wala hakusema mapenzi ya Mungu. Nikajaribu kumweleza lile neno, midomo ilivyokaa. Nikajaribu kuiweka yangu vile vile, mtu mzima mimi, nyuma ya nyumba ya watu, mdomo wazi. Yeye akainamisha kichwa, akasubiri. Hakunimalizia.